Wasafisha Kanda na Mashtaka Wanayobebeshwa

Tarehe 13 Julai 1985 BBC ilirusha muziki kwa saa 16 hivi mfululizo, kutoka uwanja wa Wembley jijini London na uwanja wa John F. Kennedy huko Philadelphia. Tamasha hilo, Live Aid, lilitokana na mkanda: Mohamed Amin, mpigapicha wa Nairobi, alikuwa amerekodi njaa ya Ethiopia pale Korem, na BBC ilipoonyesha kazi yake Oktoba 1984 dunia ilishindwa kugeuza uso. Leo ukitaka kuliona tamasha lenyewe lote kama lilivyokwenda hewani, hakuna duka litakalokuuzia. Utawaendea watu waliokaa sebuleni kwao siku ile wakiwa wamebonyeza kitufe chekundu cha deki, na mashabiki waliokuja baadaye kuzikusanya kanda zao, kuzipanga, kuzirekebisha kasi na kuzisafisha sauti na picha.

Mashabiki hawa hawalipwi, na maneno ya kuwarushia hayaishi. Baadhi yana haki yake. Mengi yanatoka kwa watu wasiojua kanda inavyofanya kazi, na machache, tena ndiyo yanayoniudhi zaidi, yanatoka kwa mashabiki wenyewe.

Tuanze na dai linalosikika kila mahali: kwamba ni kupoteza muda kuhangaika na mkanda wa VHS wa mtu binafsi wakati kituo kilichorusha kina kanda asilia kwenye ghala lake. Subirini, wanasema, ipo siku wataitoa ikiwa safi.

Anayesema hivi hajui yaliyotokea. Bob Geldof, mwandaaji wa tamasha, alipokuwa akiwabembeleza wanamuziki wakubwa wapige bila malipo, aliwaahidi kwamba mambo yataanza na kuisha siku hiyohiyo, hayatarudiwa. Kwa ombi lake ABC ya Marekani ilizifuta kanda zake. MTV waliziweka zao, na baadaye zikapatikana zaidi ya mia moja, lakini MTV walikuwa wakikata wimbo katikati kupisha matangazo ya biashara na porojo za watangazaji wao, kwa hiyo kilichohifadhiwa ni tamasha lenye matundu. BBC haikuwa na matangazo ya biashara, ila majukwaa mawili yalipokuwa yakienda kwa wakati mmoja ilibidi ichague, na vipo vipande vya Philadelphia ambavyo haikuvionyesha kabisa. Halafu kuna matangazo yaliyosambazwa kwa vituo vya Marekani kwa niaba ya ABC. Waliotayarisha matangazo hayo waliupangua hata mfuatano, wakayaweka akiba baadhi ya mambo makubwa ya London hadi saa za jioni za kwao, watazamaji walipokuwa wengi. Ukiwa na mkanda huo peke yake utaamini siku ile ilikwenda kwa mpangilio ambao haukuwepo.

DVD rasmi ilitoka Novemba 2004, sahani nne. Ni nzuri, na asiyekuwa nayo aitafute. Lakini sahani nne hazibebi saa 16, na Led Zeppelin walikataa kuwamo.

Sasa piga hesabu ya mtu aliyekuwa nyumbani. Mkanda wa E-180 unabeba saa tatu kwa kasi ya kawaida. Saa 16 zinataka mikanda sita, na kila unapobadilisha unapoteza sekunde kadhaa, au wimbo mzima kama ulikuwa jikoni. Mwenye mikanda michache aliiweka deki kwenye kasi ya nusu, akapata saa sita kwa mkanda mmoja na picha iliyofifia. Wengine walisinzia. Wengine walichoshwa na bendi wasizozipenda wakasimamisha mashine, na leo hii bendi hizohizo ndizo zinazotafutwa. Ndiyo maana toleo zuri la mashabiki halitokani na mkanda mmoja. Linashonwa kutoka kwa watu wengi, tundu la huyu likizibwa na mkanda wa yule, na kwa sehemu za Wembley hutafutwa mkanda uliorekodiwa Uingereza, kwa sehemu za Philadelphia ule uliorekodiwa Marekani. Uingereza ilitumia mfumo wa PAL, mistari 625 na nusu-picha 50 kwa sekunde. Marekani ilitumia NTSC, mistari 525 na nusu-picha karibu 60. Picha iliyovuka Atlantiki iligeuzwa mfumo papo hapo kwa mashine za wakati ule, na ugeuzaji huo uliacha ukungu na mtikisiko ambao hauondoki. Mkanda wa Mwingereza wa jukwaa la Philadelphia, hata ukiwa nakala ya kwanza kabisa, tayari umeshapita mikono miwili.

Huku kwetu mgogoro wa PAL na NTSC tuliujua kwa njia nyepesi zaidi: ndugu aliyeko Marekani anatuma mkanda wa harusi, unauweka kwenye deki, unaona mistari inacheza. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, hivyo matamasha ya ng'ambo yalitufikia kwa mikanda ya namna hiyo, mara nyingi nakala ya nakala. Hatuna sababu ya kuidharau kazi ya aliyekaa na deki.

Na Live Aid si kisa cha peke yake. Kati ya 1962 na 1965 Beatles walisikika kwenye vipindi 52 vya redio ya BBC, na BBC haikuzitunza kanda nyingi. Albamu ya Live at the BBC ya mwaka 1994, iliyotolewa rasmi kabisa, ilibidi kwa baadhi ya nyimbo itegemee rekodi ambazo wasikilizaji walizinasa majumbani. Mwaka 2010 Makumbusho ya Taifa ya Jazz ya Harlem, New York, yalinunua karibu sahani 1,000 ambazo fundi William Savory alizirekodi kutoka redioni mwishoni mwa miaka ya 1930. Humo mna Coleman Hawkins, Lester Young na Count Basie wakipiga kwa urefu ambao santuri ya dakika tatu haikuwaruhusu. Mpenzi wa zilipendwa hahitaji hata mifano hiyo. Anazo nyimbo za bendi zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam ambazo amezijua maisha yake yote kwa sababu mtu fulani aliweka kaseti kwenye redio kaseti na kukisubiri kipindi.

Dai la pili lina sura ya heshima: kusafisha ni kughushi. Rekodi ni ushahidi, wanasema, na ushahidi ukiguswa umeharibika.

Ningelikubali kama rekodi yenyewe ingekuwa imebaki ilivyo. Haijabaki. Deki iliyorekodi ilikuwa na kasi yake, iliyonakili ilikuwa na yake, hedi (kichwa kinachosoma mkanda) ya ile ya tatu ilikuwa imepinda, na kila moja imeweka alama juu ya muziki. Ukimpa msikilizaji kanda hiyo bila kuigusa unampa tamasha pamoja na uchovu wa mashine zote zilizolibeba. Anayechambua mchele anatoa mawe, na bado unabaki kuwa mchele uleule.

Kasi ndiyo inayoonyesha vizuri tofauti ya kurekebisha na kubuni. Umeme wa Uingereza unakwenda kwa hezi 50, wa Marekani 60, na mvumo wake hujipenyeza kwenye karibu kila rekodi, chini kabisa, ambako sikio halijishughulishi. Msafishaji anaifungua rekodi kwenye programu inayoonyesha masafa kwa rangi, anaikuza sehemu ile ya chini, na mvumo anauona umelala kama uzi. Ikiwa ni rekodi ya London na uzi uko kwenye 51 badala ya 50, kanda inakimbia kwa asilimia 2. Utasema ni kidogo. Upande wa kaseti wa dakika 45 umepungua kwa karibu dakika nzima, na gitaa limepanda kwa theluthi ya nusu-toni, kiasi cha kumkwaza mtu yeyote anayetaka kupiga kinanda chake sambamba na bendi.

Fundi mzuri haishii hapo. Anajiuliza mvumo ule uliingia lini. Kama uliingia wakati wa kunakili mara ya tatu, unaeleza kasi ya deki ya tatu tu, na kuhusu tamasha hauelezi lolote. Mara nyingine anakuta nyuzi mbili, moja imekaa kwenye 50 kamili na nyingine imepotoka kidogo. Ile iliyokaa sawasawa ni ya mashine ya mwisho. Iliyopotoka ndiyo ya zamani zaidi, na ndiyo ya kuifuata. Rekodi zilizofanywa karibu na televisheni huwa na alama nyingine tena, ule mlio mwembamba wa hezi 15,625 wa mfumo wa PAL, ambao watoto huusikia na watu wazima huwaambia wanasikia vitu visivyokuwepo. Alama mbili zikikubaliana, anarekebisha. Zisipokubaliana, anarudi kwenye ala zenyewe, hasa piano, maana gitaa hupigwa likiwa limelegezwa au kukazwa kwa makusudi, lakini piano ya jukwaani kwa kawaida hutuniwa kwenye kipimo kinachojulikana.

Ukilinganisha na hayo, kampuni kubwa zimefanya makosa mazito na hakuna aliyeziita waghushi. Upande wa kwanza wa Kind of Blue ya Miles Davis, iliyorekodiwa 1959, uliuzwa ukiwa unakimbia kidogo kwa zaidi ya miaka thelathini kwa sababu mashine mojawapo ya studio ilikuwa na kasi mbovu, mpaka matoleo ya miaka ya 1990 yaliponyoosha mambo.

Tena kwenye Live Aid yenyewe, kilichobadilishwa kimebadilishwa na toleo rasmi. Paul McCartney alipokaa kwenye piano kuimba Let It Be, maikrofoni yake ilikufa. Kwa karibu dakika mbili watazamaji wa televisheni waliona mdomo ukicheza na kumsikia kwa shida, mpaka sauti iliporudi, na wanamuziki wenzake Bowie, Townshend, Alison Moyet na Geldof wakajitokeza kumwitikia. Kwenye DVD McCartney anasikika vizuri tangu mwanzo, kwa sauti iliyorekodiwa baadaye. Simlaumu hata kidogo. Ningekuwa yeye ningefanya vilevile. Lakini anayetaka kujua Wembley ilikuwaje dakika zile atakwenda kwenye mkanda wa nyumbani, na msafishaji mwenye adabu huiacha dosari ile kama ilivyo. Anaondoa mvumo wa deki, haondoi aibu ya maikrofoni.

Wapo wanaosema kaseti iliyorekodiwa kutoka FM haina cha kusafishwa, kwani redio ni redio. Hili halihitaji maneno mengi. Stirio ya FM hubeba sauti hadi kilohezi 15, na juu yake, kwenye 19, kuna toni inayoiongoza ile stirio. Kilohezi 15 ni nyingi. Wengi wetu tuliovuka miaka arobaini hatusikii zaidi ya hapo hata tukipewa studio nzima. La maana ni kwamba matangazo mengi ya muziki ya miaka ya 1970 yalitoka kwenye meza ya kuchanganyia sauti, si kwenye maikrofoni iliyofichwa mfukoni mwa mtazamaji, na mwenye antena nzuri na deki nzuri alinasa kitu kilicho karibu sana na kilichotoka kituoni.

Chukua Bruce Springsteen mwaka 1978. Matamasha yake matano yalikwenda hewani redioni mwaka huo: Roxy ya Los Angeles mwezi Julai, Agora ya Cleveland tarehe 9 Agosti kituo cha WMMS kilipotimiza miaka kumi, kisha Passaic, Atlanta, na Winterland ya San Francisco mwezi Desemba. Lile la Agora lilitoka rasmi Desemba 2014. Kwa miaka 36 kabla ya hapo dunia ililisikia kupitia kaseti za watu, na ni kaseti hizo zilizompa sifa ya kuwa moto jukwaani kwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga Marekani.

Kinachoziua kanda kama hizo mara nyingi ni hedi, wala si redio. Deki ya kunakilia ikiwa na hedi iliyoinama hata kidogo tu kuliko ile iliyorekodi, masafa ya juu yanazama na matoazi yanapotea. Dawa yake haiko kwenye kompyuta. Ni bisibisi ndogo: unazungusha skrubu ya hedi taratibu huku umevaa vipokea sauti, mpaka ufike pale ambapo matoazi yanafunguka ghafla, halafu ndipo unaiingiza kanda kwenye kompyuta. Kuna watu wanaotumia fedha nyingi kununua programu za kuongeza masafa ya juu, na masafa hayo yapo kwenye kanda muda wote, yanasubiri robo mzunguko wa skrubu.

Nikifika kwenye akili mnemba najua nitawaudhi wengi. Dai lenyewe ni kwamba ufundi wote huu umepitwa na wakati: tia mkanda kwenye programu, bofya, subiri, unapata picha ya kisasa kabisa.

Unapata picha, ndiyo, ila ya nani? Mkanda wa VHS hauna maelezo ya uso wa mtu aliyesimama mita themanini kutoka kwenye kamera. Pale Wembley walikuwepo watu 72,000 hivi, na kwenye mkanda wengi wao ni doa la rangi ya ngozi lenye vivuli viwili. Programu inayokuza picha hailijui doa hilo ni la nani. Inalichorea macho, pua na meno kutoka kwenye nyuso nyingine ilizofundishwa nazo, na matokeo yake ni uwanja mzima wa watu wa nta wasiopata kuzaliwa. Kwenye sauti ni hivyohivyo. Ukiiamuru programu iondoe kelele yote ya kanda, inakula na mkia wa matoazi, yanaanza kulia kama yako chini ya maji, na makofi ya umati yanageuka kuwa mchanga.

Huu ndio ughushi ambao wenye dai la pili walipaswa kuuogopa, na ajabu ni kwamba mara nyingi wao ndio wa kwanza kuusifu.

Wakati huohuo, kosa la kawaida zaidi kwenye picha ni la kizamani na halina akili yoyote ndani yake. Zile nusu-picha 50 za PAL kila moja ilinaswa kwa wakati wake. Ukiziunganisha mbilimbili kwa pupa unapata picha 25 kwa sekunde, na umetupa nusu ya mwendo. Mtazame mpiga ngoma: kwenye mkanda asilia fimbo zinateleza, kwenye nakala iliyogeuzwa vibaya zinarukaruka na kuacha kingo zenye meno ya msumeno. Anayezifungua nusu-picha zote hadi kuwa picha 50 kamili ameboresha zaidi kuliko programu yoyote ya kuchora nyuso, na hakubuni kitu. Hatua iliyo kubwa kupita hiyo ni ya wale wanaochukua mawimbi moja kwa moja kutoka kwenye hedi za deki ya VHS, kabla saketi za deki hazijayagusa, na kuyafasiri kwa programu ya kompyuta. Hapo mkanda uleule unatoa usafi ambao deki yake haikuwahi kuutoa.

Sikatai mashine zote. Teknolojia ya kutenganisha sauti, ambayo Peter Jackson na wenzake waliitumia kwenye filamu ya Get Back ya 2021, imefanya mambo ambayo miaka ya nyuma yangeitwa uchawi, na mashabiki wanayo zana ya aina hiyo mkononi sasa. Inasaidia kumpandisha mwimbaji aliyezama chini ya gitaa. Lakini waangalie The Who pale Wembley. Walianza na My Generation, fyuzi ikakatika, matangazo yakaanguka katikati ya wimbo, na yaliporudi walikuwa wanamalizia Pinball Wizard. Kile kilichopigwa katikati hakipo kwenye mkanda wa matangazo wa mtu yeyote. Programu inaweza kutengeneza kitu cha kujaza pale, kwa sauti ya mwimbaji wao Daltrey na gitaa la Townshend. Atakayefanya hivyo na kukiita Live Aid aitwe kwa jina lake.

Kuhusu sauti kubwa nitasema kidogo. Wapo mashabiki wanaoamini kazi imekamilika rekodi inapopiga kelele sawa na nyimbo za leo. Ugonjwa huu hawakuuanzisha wao. Metallica walipotoa Death Magnetic mwaka 2008, sauti ilikuwa imebanwa kiasi kwamba wasikilizaji waligundua nyimbo hizohizo ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero zinasikika vizuri kuliko kwenye CD waliyoinunua. Rekodi ya matangazo ya FM tayari ilibanwa kituoni kabla ya kuruka. Ukiibana tena, kinachobaki ni ukuta. Kitufe cha sauti kipo kwenye redio ya kila msikilizaji.

Lililobaki ni zito kuliko yote, nami silijibu kwa wepesi: huu ni wizi.

Kisheria, mara nyingi mwenye dai hili ana hoja. Aliyenasa matangazo sebuleni hakununua haki ya kuyasambaza, na wanamuziki wana haki juu ya maonyesho yao. Phil Collins, yuleyule aliyepiga Wembley mchana kisha akapanda Concorde akapige Philadelphia, alipigana kesi kuhusu jambo hili. Tamasha lake la California la mwaka 1983 lilirekodiwa bila idhini yake na CD zake zikauzwa Ujerumani, ambako sheria iliwalinda Wajerumani kwa tamasha lililofanyika popote, mgeni hapana. Tarehe 20 Oktoba 1993 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema ubaguzi huo hauruhusiwi. Pamoja na hayo, maduka ya Ulaya yaliendelea kujaa CD za matangazo ya zamani ya redio ya Marekani, zikiwa na majalada mazuri, na mara nyingi ukizisikiliza unaitambua kazi ya shabiki fulani aliyeisafisha bure, imechukuliwa ilivyo na kubandikwa bei.

Hapo ndipo ninapotengana na wanaolitumia neno wizi kwa wote. Anayesafisha na anayeuza si mtu mmoja, na mara nyingi wa kwanza ndiye anayeibiwa na wa pili. Wanamuziki wenyewe wameliona hilo. Grateful Dead mwaka 1984 walitenga eneo maalumu kwa wenye kurekodi kwenye matamasha yao, kwa sharti moja tu kwamba kanda zibadilishwe, zisiuzwe. Springsteen pale Roxy mwaka 1978 aliwatania hewani wenye kurekodi wawashe mashine zao; mwaka uliofuata akawapeleka mahakamani waliokuwa wakiuza santuri za magendo. Sioni mgongano hapo. Mahali ambapo watu hubadilishana kanda, kanuni mbili husimamiwa kwa ukali kuliko nyingine: hakuna kuuza, na kilichotolewa rasmi kinaondolewa. Kwa Live Aid, kanuni ya pili ina uzito wa ziada, kwa kuwa mapato ya DVD yalikwenda kwenye mfuko wa misaada wa Band Aid, na uamuzi wa kuitoa ulichochewa kwa sehemu na nakala za magendo zilizokuwa zikizagaa. Anayeipasua DVD ile na kuisambaza hasafishi chochote, na fedha anayoipunguza ilikuwa ya wenye njaa.

Linabaki suala la Led Zeppelin, ambalo ni gumu kweli. Hawakuipenda kazi yao ya siku ile, na yeyote aliyeisikia anaelewa: hawakuwa wamefanya mazoezi ya kutosha, sauti ya mwimbaji wao Plant ilikuwa imekauka, Collins kwenye ngoma alikuwa anatafuta njia. Wao walisema hapana, na Geldof alikuwa ameahidi kwamba hayatarudiwa. Je, shabiki ana haki gani kuirudisha, tena ikiwa safi kuliko ilivyopata kuwa? Mimi naona kilichorushwa mubashara kwa mamia ya mamilioni ya watu hakiwezi kurudishwa ndani ya studio kana kwamba kilikuwa zoezi. Kipo kwenye kumbukumbu ya walioona, na mwandishi wa historia ya muziki ana haki ya kukisikia bila kutegemea kumbukumbu hizo. Lakini ningependa kikae kwenye makusanyo ya wanaojifunza, kisipambwe, kisipewe jalada, wala kisitumiwe kuvuta watazamaji kwa ajili ya vicheko. Najua wapo wasiokubaliana nami, na wana sababu.

Nikimaliza na mashabiki wenyewe: dai lao baya kuliko yote ni lile la kuandika kwenye toleo lao kwamba hili ndilo la mwisho, lingine halihitajiki. Kila baada ya miaka michache unajitokeza mkanda wa mtu aliyefariki, watoto wake wameukuta kabatini, nakala ya kwanza, kasi ya kawaida, na tundu ambalo wote walilizoea linazibika. Ili utumike, lazima kilichokuwepo kiwe kimeandikiwa habari zake. Kanda ilirekodiwa mji gani, kwa deki gani, ni nakala ya ngapi, kasi ilirekebishwa kwa asilimia ngapi na kwa ushahidi upi, wimbo gani umeshonwa kutoka kwa mkanda wa pili na kuanzia sekunde ipi. Na ile nakala ya kwanza kuingizwa kwenye kompyuta, mbichi, kabla ya kuguswa, ihifadhiwe kandokando. Wapo wanaoifuta ili kupata nafasi kwenye diski, na diski ya terabaiti moja siku hizi inapatikana kwa bei isiyomshinda mtu aliyekwisha kununua deki tatu.